Ziwa Lililotafuna Kahawa

Jumanne saa tisa alasiri Kokushubira alikuwa mlangoni akimenya ndizi za jioni, ziwa lilipofika uani na kusimama hatua moja kutoka kizingitini. Halikuingia. Lilingoja kukaribishwa, kama watu waliolelewa.

Naye alilelewa, na hapo ndipo alipoponzeka. Mama wa kijiji cha Bweranyange hamwachi mgeni mlangoni. Alileta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akadondosha punje tatu. Maji yakazipokea, yakaingia, yakaketi juu ya nyasi alizotandika sebuleni asubuhi. Mgeni aliyekwisha kutafuna kahawa yako hafukuzwi.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, ziwa lishike jembe kwa mkono upi? Siku ya tatu lilikuwa chumbani, limefika kitandani. Redioni walisema dunia imepata joto kwa moshi wa nchi za mbali. Kokushubira, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alisikiliza akiwa ameinua miguu.

Aliogopa. Hakuogopa kuzama, alimwogopea Polikarpi, mumewe, aliyezikwa migombani nyuma ya nyumba mwaka juzi. Alikuwa amemwahidi kwamba naye atalazwa palepale, ubavuni pake.

Ijumaa alikuja Privatus, afisa wa mazingira, na futikamba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, lipo ndani."

Privatus alivua. Alishika ncha ya futikamba chini ya kitanda, maji yalipoishia, akapima kupanda mlima zile mita sitini ambazo sheria hairuhusu mtu kukaa. Zilipita jikoni, zikapita kaburi, zikaishia kwenye mgomba wa mwisho. Akachora X nyekundu ukutani, na nyingine kwenye saruji ya kaburi. Alieleza kwa upole kwamba mama ameliingilia ziwa, na kwamba amepewa siku saba za kuondoka.

"Nyumba hii ina miaka arobaini," Kokushubira alisema. "Lenyewe ndilo lililonifuata."

"Sheria inapima kutoka maji yalipo, mama."

"Na ile hoteli ng'ambo?"

"Kule maji hayajasogea."

Ni kweli. Kule maji yalisimama wima mbele ya bustani kama pazia, na watalii walikunywa chai nyuma yake bila kulowa.

Siku ya saba hofu ilimshinda. Alimuaga Polikarpi, akajitwika godoro, akapanda kuelekea Kanoni kwa wifi yake Eustadia. Kwa desturi mwenyeji ndiye anayemsindikiza mgeni. Siku ile mgeni alimsindikiza mwenyeji. Alipogeuka mara ya kwanza, kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Aliongeza mwendo. Maji nayo yakaongeza, yakimgusa visigino.

Eustadia alitoka, akapokea godoro, akampa pole. Aliyatazama maji yaliyosimama penye uzio wake. Hakumlaumu mtu. Aliteremka taratibu hadi yalipoishia, akageuka, akaanza kuhesabu hatua kwenda kwenye kaburi la mama aliyewazaa yeye na Polikarpi. Kokushubira alifumba macho. Hesabu iliishia kumi na nne.