Mfuko wa Mifupa ya Wanyama

Wenzake walimpachika jina la Mswaki, na jina likamkaa kama nguo iliyopimwa na fundi. Kwenye mafunzo yale ya kufukua makaburi ya zamani, kila mwanafunzi alipewa mwiko, kijiko, brashi na mswaki laini wa meno wa kusafishia mifupa. Wengine waliuacha mswaki kwenye ndoo, yeye hakuutua. Aliweza kumaliza saa nzima juu ya ubavu mmoja, kapiga magoti, pua inakaribia kugusa udongo, anapuliza vumbi taratibu utadhani anamwamsha mtu na hataki akasirike.

Makaburi yenyewe yalikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa, na barabara mpya ilikuwa inakuja. Manispaa iliamua waliolala pale wahamishwe, na chuo kikaomba ruhusa: kabla hawajazikwa upya, wanafunzi wawafukue kwa utaratibu na kuwasoma. Nani alifika uzeeni, nani alivunjika mkono ukaunga, nani alilala njaa utotoni. Daftari la majina lilikuwa limepotea zamani, zikabaki namba.

Mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na jicho kali, alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikawachosha. "Usichokijua, usikiguse. Niite. Kaburi hufukuliwa mara moja tu."

Mswaki aliisikia sana sheria hiyo. Shida yake ni kwamba hakupenda kuita. Mwisho wa wiki ya sita Mwalimu angemteua mmoja wao awe msaidizi wake kwa mwaka mzima, na watu walikwisha kusema nafasi ni ya Mswaki. Mshindani wake alikuwa kijana waliyemwita Miwani, aliyemwita Mwalimu kwa kila kokoto. "Mwalimu, hili jino au jiwe?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mswaki naye alicheka, na moyoni akajiapiza kwamba yeye hatachekwa hivyo. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa wanagombea nafasi ya usaidizi.

Basi, wiki ya nne, akapangiwa kaburi namba ishirini na saba. Mwanamke, kijana bado, amelala chali, mikono tumboni. Mawingu yalikuwa yametanda na Mwalimu alikuwa upande wa pili wa uwanja, anahangaika na maturubai. Mswaki akaharakisha. Katikati ya nyonga akakuta vijifupa vyembamba kama njiti za kiberiti, na vipande vipande mithili ya maganda ya yai. Kando palikuwa na tundu la panya. Akajiambia: hawa panya wameburuta mabaki ya kuku. Akaandika kwenye fomu "ndege", akavitia kwenye mfuko wa mifupa ya wanyama, ambao ulikuwa mmoja tu kwa uwanja mzima, pamoja na mataya ya mbuzi na mapaja ya kuku wa kweli. Mvua ikashuka, akasahau.

Jumatano ya wiki ya mwisho walikuwa maabara, chumba chenye meza ndefu za bati na trei za plastiki. Mwalimu alitandika kitambaa cheusi, akapanga juu yake mifupa midogo kutoka kaburi la thelathini na moja.

"Tazameni vizuri," alisema. "Hizi ni mbavu za kichanga. Na hili ni fuvu, bado halijaungana, ni vipande tu. Ukiwa na haraka utasema ni kuku."

Wote wakacheka isipokuwa Mswaki. Aliviona tena vile vijifupa vya kaburi la ishirini na saba. Yule mwanamke alizikwa na mimba yake, mikono juu yake, na Mswaki akaja akamtoa mtoto akamtupa kwenye mifupa ya mbuzi. Ijumaa asubuhi masanduku yote ya mifupa, moja kwa kila kaburi, yangezikwa upya. Mfuko wa wanyama ungebaki stoo ya chuo, na hakuna ambaye angeufungua tena kwa ajili ya kumtafuta mtu.

Mama yake hakuipenda kazi hii tangu siku ya kwanza. "Wenzio wanasomea kutibu watu," alizoea kusema, "wewe unasubiri wafe, tena ungoje miaka mia!" Jioni ile alimwona binti yake anachezea chakula.

"Kuna nini, mwanangu? Marehemu wamekugomea?"

Binti akamweleza. Cheko likamkauka mama mdomoni. Akashika kitambaa akaifuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na ukinyamaza?"

"Nafasi naipata."

Mama akaketi. "Wewe nilikaa leba siku mbili kukuzaa. Siku ya pili nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwamba kama ni kufa, basi tusitenganishwe." Akanyanyua sahani zake. "Mimi sikuambii kitu. Wewe si mtoto."

Alhamisi Mwalimu hajaweka hata mkoba chini, Mswaki yuko mlangoni. Aliyasema yote kwa pumzi moja. Mwalimu hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka. Alikwenda stoo, akauleta mfuko, akaumwaga juu ya kitambaa cheusi na kuvuta viti viwili.

Walichambua tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mfupa wa kuku, Mwalimu alimwonyesha, ni mgumu na juu unateleza, na ncha zake zimekamilika. Wa kichanga una vitundu vitundu kwa juu, na ncha zake hazijaisha, kama kazi iliyokatishwa njiani. Mbavu zikapatikana kumi na tisa. Vipande vya fuvu vikapatikana, na taya, na mapaja yote mawili. Mwalimu akapima paja moja kwa rula, akalipima tena.

"Siku zake zilikuwa zimetimia," alisema. "Alikuwa wa kuzaliwa wiki ileile."

Hapo Mswaki akalia. Mwalimu alimwacha alie, ila alikivuta kitambaa kando ili machozi yasidondokee mifupa.

"Nafasi nampa Miwani," akasema baadaye, walipokuwa wanafunga.

"Najua, Mwalimu."

"Kumwona kichanga ukadhani kuku, hilo wengi limetupata. Lakini nitakayefanya naye kazi lazima ajue kuita."

Iliuma. Iliuma sana, na hakuna haja ya kuipaka sukari. Hata hivyo ni yeye mwenyewe aliyelifungua sanduku la ishirini na saba na kuviweka vile vijifupa katikati ya nyonga, pale alipovitoa, kimoja kimoja, bila haraka.

Ijumaa masanduku yalipangwa kando ya mashimo mapya. Wanafunzi walikuwepo, na vibarua wa manispaa, na wapita njia waliosimama kutazama. Afisa wa manispaa alishika karatasi iliyochapwa tangu Jumanne, akakohoa, akatangaza kwamba leo wanawasitiri upya watu arobaini na mmoja.

Mwalimu akamtazama Mswaki. Mswaki angeweza kungoja shughuli iishe akamnong'oneze yule bwana pembeni, na hakuna ambaye angemlaumu. Akasogea mbele.

"Samahani, afisa. Ni arobaini na wawili."

"Masanduku ni arobaini na moja, dada. Nimeyahesabu mwenyewe."

"Masanduku ndiyo. La ishirini na saba lina watu wawili, mama na mwanawe." Watu wote sasa walikuwa wanamtazama. "Mtoto nilimkosea mimi. Sikumjua, na sikuuliza, nikamwandika ndege."

Mtu mmoja katika wapita njia akasonya. Afisa alipapasa mifuko akitafuta kalamu, hakuiona. Miwani akampa yake. Afisa akakata, akaandika, akaanza kusoma upya tangu namba moja, na kila namba ilipotajwa vibarua waliteremsha sanduku. Alipofika ishirini na saba alisita kidogo.

"Mama na mtoto," akasema, kisha akaendelea na ishirini na nane.