Kurasa Nne za Tamsin

Kitabu kilikuwa bado kimo ndani ya plastiki yake. Hilo peke yake lilitosha kumtia mtu haya, maana mtihani ulikuwa kesho, na kitabu chenyewe Tamsin Trewhella alikinunua Oktoba. Kwenye mtihani wa katiba wanafunzi wanaruhusiwa kuingia na kitabu cha sheria za Bunge, kwa sharti moja tu: kisiandikwe hata neno. Kupaka mistari rangi ruksa, kuandika marufuku. Kwa hiyo kila Mei maktaba hujaa watu wazima waliokaa wanapaka rangi kama watoto wa chekechea, na asubuhi ile Tamsin naye alikuja na kalamu zake tatu, ya njano, ya kijani na ya waridi, ili afanye kwa saa mbili kazi ambayo wenzake waliifanya kwa miezi.

Alianza na mada yake mwenyewe: nani ana uwezo wa kulivunja Bunge na kuitisha uchaguzi. Akaitafuta Sheria ya 2011, ile iliyosema Bunge lidumu miaka mitano na lisivunjwe kabla ya hapo, isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wakubali. Hakuiona. Akarudi kwenye orodha ya mbele, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Haipo. Alichokikuta ni sheria nyingine, fupi, ya mwaka 2022, na kifungu chake cha kwanza kilisema bila kupepesa macho kwamba ile ya 2011 imefutwa. Mfalme amerudishiwa mamlaka yake ya zamani. Waziri Mkuu akimwomba, Bunge linavunjwa, basi.

Tamsin alikifunga kitabu. Masikio yalikuwa yanamwaka moto, na alitazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Kikundi chao kilikuwa cha watatu. Yeye, aliyetoka Cornwall. Rukhsana, binti wa Bradford ambaye mdomo wake haukuwekewa breki. Na Wilf Thackray, mtu wa miaka hamsini na sita, tarishi wa posta, ambaye asubuhi aligawa barua mitaa ya Hull, mji wa chuo chao, na mchana alikaa darasani na watu waliozaliwa baada ya watoto wake. Waligawana mada. Kila mmoja angeandika muhtasari wa zake na kuwapa wenzake. Siku ya kwanza Rukhsana alitaka waandike kanuni za kikundi, na adhabu kwa mzembe. Wilf akacheka, akauliza kama nchi nzima inaendeshwa bila katiba iliyoandikwa mahali pamoja, wao watatu watashindwa nini? Ikapita hivyo. Ilikuwa wiki ileile mwalimu alipowafundisha kwamba mengi yanayowabana wakubwa wa nchi si sheria bali ni desturi, na desturi haina polisi wala hakimu. Anayeivunja hashitakiwi popote. Kinachomzuia ni aibu tu.

Tamsin aliliandika hilo kwenye daftari lake na kulipigia mstari. Laiti lingeingia na kichwani.

Machi aliwaletea wenzake kurasa nne safi. Aliwaambia amezifanyia kazi wikendi mbili nzima maktaba. Wikendi zote mbili alikuwa Whitby na marafiki, wakila samaki wa kukaanga na kufukuzana na upepo ufukweni. Kurasa zilikuwa za binamu yake Jory, aliyefanya mtihani wa namna hiyo chuo kingine mwaka 2020. Tamsin alibadilisha umbo la herufi, akaweka jina lake juu, akazipitia juu juu, akazigawa. Wilf alizisoma palepale kantini akasema huyu binti anaandika kama jaji, na Tamsin, badala ya kuona haya, aliinamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Yote hayo angeweza kuyameza. Kilichomkaba ni namna Wilf anavyosoma. Kichwa chake hakishiki kitu akiwa amekaa. Hushika akitembea, kwa hiyo kila mada aliipa mtaa mmoja wa zamu yake na kila hoja aliipa mlango. Kurasa za Tamsin alizipa Mtaa wa Fern. Theluthi mbili ya wabunge ilikaa mlango wa kumi na nne, kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Na mwaka jana Wilf alifeli somo hili kwa alama nne. Safari hii ndiyo ya mwisho. Akianguka tena, anaondolewa kwenye kozi, anarudi kwenye barua zake mpaka astaafu. Isitoshe, swali la kulivunja Bunge ndilo alilosema lazima litoke, na amejiandaa nalo kuliko yote.

Kwa nusu saa Tamsin alikuwa mwoga kamili. Alijiambia labda swali halitatoka. Alijiambia Wilf naye ana kitabu, angejionea mwenyewe. Aliandika ujumbe wa simu mara tano na kuufuta mara tano, maana kila alivyouandika ulimtoa yeye msafi. Mwishowe alikusanya kalamu zake na kutoka. Alijua saa nne na nusu Wilf huwa wapi. Kikundi kizima kilijua.

Alimkuta Mtaa wa Fern, kwenye mlango wa tisa, anasukuma kigari chake chekundu cha barua, midomo inacheza.

“Umepotea njia, mwanangu?” Wilf akamwuliza. “Kesho mtihani.”

“Nimekufuata wewe. Wilf, ile mada yangu. Sheria imebadilika.”

“Imebadilika lini?”

“Hivi karibuni. Nimeona leo tu.”

Wilf alitumbukiza barua tatu kwenye tundu la mlango, moja moja, akazisikiliza zikianguka.

“Elfu mbili ishirini na mbili,” akasema. “Siku hizi hiyo ndiyo mnaiita karibuni?”

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka. Tamsin alisimama pale akijiona jinsi alivyo: amekuja kuungama, na hata kuungama kwenyewe ameanza na uongo. Ndipo akasema yote, Jory, Whitby, wikendi mbili za maktaba ambazo hazikuwapo, haraka haraka na ovyo, huku mama mmoja akiwachungulia kwenye pazia.

“Hiyo ya Whitby sikuijua,” Wilf akasema. “Ya kurasa naijua. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napaka rangi kitabu changu, nikakitafuta kifungu chako nikakikosa. Nikadhani wameniuzia kitabu kibovu.” Akacheka peke yake. “Nikaenda kumwuliza mwalimu.”

“Na Rukhsana?”

“Nilimwambia siku hiyohiyo. Alitaka aje akupashe mbele ya kantini nzima, unamjua. Nikamwambia mwache, atasema mwenyewe.”

Wiki mbili. Tamsin alihesabu, na hesabu ilimuumiza. Ijumaa iliyopita Wilf alileta keki ya jibini aliyoioka mkewe, Beryl, akaiweka mbele yake na kusema hii ni ya jaji wetu. Tamsin alikula vipande viwili. Rukhsana hakugusa, alitazama dirishani muda wote, na Tamsin akajisemea moyoni kwamba mwenzake ana wivu. Kumbe walikuwa wamekaa naye meza moja, wakimkatia keki, wakimngoja aseme neno moja. Alitamani lami ya Mtaa wa Fern ifunguke immeze.

“Na kama nisingesema?”

“Ningekupa hii kesho mlangoni.” Wilf alitoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, imekunjwa mara mbili. “Nisingekuacha uingie na makosa. Mimi nimeshafeli, najua kunavyouma.”

Ilikuwa mada yote, imeandikwa upya kwa mkono, herufi kubwa za mtu aliyezoea kusoma anwani. Sheria ya 2022 ilikuwa mahali pake. Juu kabisa Wilf alikuwa ameandika: Kulivunja Bunge, na Tamsin Trewhella.

“Mbona umeweka jina langu?”

“Mada si yako?” Wilf akashika kigari chake. “Mimi nimehamisha wapangaji tu. Mlango wa kumi na nne nimempa Mfalme, apambane na yule mbwa.”

Akaenda mlango wa kumi. Tamsin alitaka kucheka, akashindwa.

Kesho yake swali lilitoka, la tatu. Wilf alikuwa safu mbili mbele, na chini ya meza miguu yake ilikuwa inatembea polepole, inasimama, inatembea tena. Tamsin alijibu swali hilo vizuri, labda kuliko yote aliyoyajibu mwaka huo, kila mstari ukimjia kwa herufi zile kubwa za Wilf. Alipomaliza alirudi kwenye jalada la karatasi ya majibu. Kwa kanuni za mtihani jina haliandikwi, huandikwa namba tu, ili msahihishaji asijue kazi ni ya nani. Aliandika namba yake, akashukuru kwamba hakuna aliyemwuliza jina.