Maji ya Majaribio

Ndani ya kompyuta ya Asnath mlikuwa na simu ya bandia ya kujaribia programu, na simu hiyo ilikuwa na adabu kupita kiasi. Haikuishiwa chaji, haikupasuka kioo, haikuingia vumbi. Ukiigusa tu, inaitika kama bi harusi aliyeitwa na mama mkwe. Asnath hakuiamini hata kidogo. Alisema programu ambayo haijashikwa na mtu mwenye haraka zake, juani, bado haijazaliwa.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuwaonyesha wafugaji wa tambarare za Handeni lambo lipi lina maji na lipi limekauka, na ilitakiwa ifanye kazi hata pasipo mtandao. Zama hizi za soko huria, kampuni za simu zilikuwa zikipigana vikumbo kugombea wateja wa Korogwe mjini, lakini kule waliko ng'ombe hakuna aliyeona faida ya kusimika mnara. Simu za tachi za Kariakoo zilitangulia kufika, mtandao ukabaki njiani.

Basi katika chumba walichopanga nyuma ya stendi ya Korogwe, Asnath na mwenzake Enock wakaunda toleo maalumu la kujaribia, la kuingizwa kwenye simu ya kweli ya mfugaji wa kweli. Taarifa za malambo zilikuwa bado hazijakusanywa, na ukurasa mtupu haujaribiki. Asnath, chapati mkono mmoja, akajaza kila lambo maneno yaleyale: Maji tele.

"Hata lambo la Kwamsunga?" Enock akauliza.

"Kote. Nataka nione maandishi yanavyokaa."

Akapanda basi hadi Mkata, akaingia porini kumtafuta mzee Loishiye. Alimchagua yeye kwa sababu marehemu baba yake Asnath alikuwa bwana mifugo, na kwa miaka mingi ndiye aliyechanja ng'ombe wa mzee huyo. Akachomeka waya, akaliingiza toleo kwenye simu yake.

"Mzee, hii ni ya majaribio tu. Uwe unaifungua, nikirudi unieleze inakusumbua wapi."

"Nitaijaribu, binti yangu."

Programu ilifunguka papo hapo, juani, chini ya kidole kigumu cha mchungaji, na mtandao hakuna. Asnath alirudi Korogwe akiimba ndani ya basi, abiria wenzake wakimtazama.

Wiki iliyofuata alirudi na toleo lililorekebishwa. Zizi lilikuwa tupu. Siamanta, mke mdogo wa mzee, alikuwa akisiriba ukuta wa nyumba.

"Shikamoo, mama. Mzee yuko wapi?"

"Marahaba. Ametoka jana na ng'ombe. Wamekwenda kunywa Kwamsunga."

"Nani amemwambia Kwamsunga kuna maji?"

Siamanta akaacha kusiriba, akamkodolea macho. "Si wewe?"

Asnath akaitoa simu yake. Akapiga simu ya mzee. Haikuita, na ingeitaje pasipo mnara? Akamrudia Mwinjuma, dereva wa bodaboda aliyemleta, akamsihi ampeleke Kwamsunga.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakupita hii. Ilikuwa ndefu, ya mashimo na miiba, na njia nzima Asnath alijitetea moyoni: nilimwambia ni majaribio, nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka, kila mtu anajua majaribio ni nini. Lambo lile lilichimbwa kwa katapila la serikali enzi ambazo kijiji kizima kilitoka kwa pamoja kuzoa tope. Siku hizi kila mtu na lake, na tope limejizolea makazi. Hilo nalo si kosa langu, akajiambia. Kisha wakampita ndama aliyekufa kando ya njia, nzi tayari machoni, na Asnath akamwambia Mwinjuma aongeze mwendo.

Lambo la Kwamsunga lilikuwa udongo mkavu uliopasukapasuka. Ng'ombe walisimama katikati yake wakinusa nyufa. Mzee Loishiye alimwitikia shikamoo yake vizuri tu, akasubiri aseme.

"Mzee, maji yale niliyaandika mwenyewe. Sikuja kuangalia. Nilikwambia ni majaribio..."

"Ulisema tunajaribu simu," mzee akasema. "Hukusema tunajaribu na maji."

Akawageukia ng'ombe wake. "Siku zote natanguliza vijana wakaangalie kwanza. Safari hii nikasema, ya nini kuwachosha? Binti wa bwana mifugo ameshaangalia."

Asnath akalia, na wala hakujificha. Angetukanwa ingekuwa afadhali. Akaomba simu, akalifuta lile toleo. Kulifuta kulikuwa kazi ndogo kuliko kufuta machozi.

"Limeondoka, mzee. Halitamdanganya mtu tena."

Mzee alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, kwetu mtu akijua maji yalipo akanyamaza, huyo ni mchawi. Mimi nilishawaambia wenzangu." Akanyoosha fimbo. Ng'ambo ya vichaka vumbi lilikuwa linapanda, na nyuma yake vumbi jingine. "Yule wa mbele ni Salaash. Wametoka mbali kuliko sisi, na ng'ombe wake wamekonda kuliko wangu. Wageuzwe sasa hivi, wakielekea visima vya Mkata pengine baadhi watafika."

"Nani atakwenda kuwaambia?"

Asnath alikwisha kulijua jibu wakati anauliza. Akapanda nyuma ya Mwinjuma.

Walilikuta kundi likija polepole, mbavu zikihesabika, wanawake wakiwasukuma punda nyuma. Mbele alikuwa mwanamume mrefu mwenye mdomo uliokauka. Alipoiona pikipiki na msichana yule wa mjini aliyebeba begi la kompyuta, uso wake ukafunguka.

"Wewe ndiye binti wa bwana mifugo?"

"Ndiyo, ni mimi."

Salaash akawageukia watu wake, akawapazia sauti kwa Kimasai, na wanawake waliokuwa hoi wakacheka kwa furaha. Kisha akamshika Asnath mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mtoto wangu," akasema. "Umetuokoa."

Asnath akauacha mkono wake pale ulipo, akamtazama machoni, akaanza kusema.