Sifuri ya Bibi Mektrida

...sifuri, kasema sifuri tena, bila hata kupepesa, na kalamu imemgandia Eliufoo mkononi, maana wiki mbili zilizopita, kwenye benchi hili hili hapa Kibosho, alimuuliza Bibi Mektrida hivyo hivyo, kwa wiki unakunywa glasi ngapi za pombe, akajibiwa hivyo hivyo, na Dokta Sulochana kule mjini atafurahi, si ndiye aliyewafundisha kwamba unamuuliza mtu leo, unamuuliza tena baada ya wiki mbili, majibu yakifanana basi dodoso lako ni thabiti, na kaya mia na ishirini zimefanana, sifuri kwa sifuri, mlima mzima umeokoka!... ila nyuma ya bibi kuna mtungi, na povu la ulezi linamkonyeza... "Bibi, samahani, na ile?" "Ile ni mbege, baba, kwani kwenu Machame mnaiita uji?" "Si umesema hata glasi moja hunywi?" "Glasi ninayo moja, iko kabatini, ya padri, ya maji. Umeniuliza glasi, nimekujibu glasi. Rudi mara ya tatu, utapata hiyo hiyo"... mama yangu, kweli kabisa, mbege hunywewa kwa kata, kibuyu kimoja cha wote, na kata haina mwenyewe, inazunguka, huyu mafunda mawili, yule matano, nani anahesabu, naye Eliufoo, mtoto wa mpika mbege, aliyekua akinusa ndizi zinazochachuka, ndiye aliyelitafsiri dodoso kutoka Kiingereza akaiacha glasi ile, siku hiyo alivaa tai, tai ikamkaba akili... "Jogoo wa jirani yangu Sylvanus," bibi anasonta mgombani kwa kidevu, "anawika saa nane usiku, kila siku, hakosei hata dakika. Haya, wewe amka ukachume kahawa!"... lo, mwezi mzima wa semina, chaki na ubao, uthabiti huku, jibu lisibadilike, uhalali kule, swali lipime linachotaka kupima, na bibi kayamaliza yote kwa jogoo mmoja, huyu avikwe joho juu ya kanga, wenye shahada tukae chini... lakini akimwambia Dokta kesho, kazi ya miezi mitatu inaanza upya, na mkosaji ana jina, na mkataba wa mkosaji unaisha Ijumaa, akinyamaza atasifiwa, ndiyo, atasifiwa na kupewa mwingine, kwa kuamsha watu saa nane... bibi kaonja kwanza, kama inavyopasa, anamnyooshea kata, "Pokea, baba, mkono wangu ni wa kizee," na kisanduku cha jibu kwenye dodoso bado kitupu, kalamu bado hewani, ila kitu kimeshuka kifuani kwa Eliufoo, nilikosea mimi, Dokta, maneno matatu tu, mbona mepesi, na mdomo umeshatangulia, "Bibi, jana hii kata ilikufikia mara ngapi?", na Bibi Mektrida, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, anafikiri kabla ya kujibu...