Uchumba Uliongoja Mkopo Usamehewe

Arden Lindvik alikuwa mchumba wa mtu kwa miaka minane, na katika mji mdogo kama ule wa kaskazini mwa Wisconsin, hilo lilitosha kumfanya awe mzaha wa kila baa na kila kanisa. Pete alishaitoa na Bernadine alishaivaa. Hata keki walishaichagua, mpaka mwokaji wa keki yenyewe akastaafu na kuhamia Florida. Kilichobaki ni serikali kumsamehe bibi harusi mkopo wake wa chuo.

Usicheke kwanza. Bernadine Kolasa alirudi shule akiwa mtu mzima, ndoa yake ya kwanza imeshavunjika, akasomea kufundisha watoto viziwi. Alikopa, kama wanavyokopa wote kule, akaajiriwa katika shule ya umma, na kanuni ni kwamba ukiwatumikia watu miaka kumi huku unalipa kila mwezi, deni linalobaki linafutwa. Malipo ya mwezi yanapimwa kwa kipato chako. Sasa ukiolewa, kipato cha mume nacho kinaweza kuingizwa humo humo, na Arden wakati huo alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji la kaunti, mtu wa mshahara mzuri na saa za ziada tele. Bernadine aliwapigia simu watu wa mikopo mara tatu kuuliza kama kuna njia ya kuolewa bila kupandishiwa malipo. Alipata majibu matatu tofauti, kila moja kwa sauti ya uhakika kabisa. Akaweka simu chini, akasema, "Tusubiri." Wakasubiri.

Nyumba zao zilipeana migongo. Kila baridi ilipoingia, Arden alichimba njia kwenye theluji kutoka mlango wake wa nyuma hadi mlango wa nyuma wa Bernadine. Ilikuwa njia nyembamba, upana wa beleshi moja, na kila asubuhi kabla hajanywa kahawa aliisafisha upya. Alikuwa amesafisha barabara za kaunti nzima tangu ujana, na alipostaafu alibaki na hiyo moja tu. Aliitunza kuliko zote.

Katika njia hiyo ilipita bakuli ya kioo ya kuokea, ya kijani, ambayo hakuna aliyekumbuka tena ilikuwa ya nani. Ikienda na viazi vya jibini, ilirudi na keki ya tufaha. Watu wa huko hawarudishi chombo cha jirani kitupu, na Bernadine ndiye aliyezidi. Kwake ilikuwa karibu na dini. Aliwahi kuirudisha bakuli ile na mayai mawili ya kuchemsha kwa sababu ndiyo yaliyokuwamo nyumbani.

Baridi ya mwaka juzi Bernadine alipasuliwa goti, akakaa nyumbani miezi kadhaa bila mshahara. Arden, bila kumuuliza mtu, aliuza boti yake ya kuvulia na kulipa mkopo miezi ile yote, ili hesabu ya miaka kumi isikatike. Bernadine alilia, akasema atamrudishia kila senti.

"Unirudishie nini, mwanamke?" Arden alisema. "Najinunulia mke."

Alicheka peke yake kwa muda. Baadaye Bernadine naye akacheka, na mambo yakaishia hapo. Au ndivyo Arden alivyodhani.

Ijumaa moja ya Januari walikwenda kwenye mgahawa wa Schuster kula samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Meza ilikuwa ile ile ya dirishani, na sahani zile zile za samaki, kabichi na mkate mweusi. Coleen Rasky, karani wa shule ya Bernadine, alitoka kaunta akiwa na glasi yake ya brandi, na kwa mwendo wake ilionekana haikuwa ya kwanza.

"Shemeji!" alimpigia Arden kelele, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Sasa huna pa kujificha. Harusi lini?"

"Waulize serikali."

"Serikali ilishajibu, baba! Tangu Mei! Si mimi mwenyewe niliyepeleka karatasi za kuthibitisha kazi yake? Deni lote limefutwa, kwishney!" Alimgeukia Bernadine. "Shoga, umeniambia nifunge mdomo na nimefunga, mimi Coleen, tangu Mei. Lakini mpaka Januari? Huo si utu."

Bernadine alikuwa ameushika uma juu ya sahani na haushuki. Coleen alimtazama huyu, akamtazama yule, na brandi yote ikamtoka kichwani.

"Hujamwambia," alisema kwa sauti ndogo. "Mungu wangu. Ngoja nikalipe bili yangu."

Arden alimaliza samaki wake. Sijui alimmezaje, lakini alimmaliza, kwa sababu katika ukoo wa kina Lindvik watu hawasusi chakula kilicholipiwa. Aliendesha gari mpaka mbele ya nyumba ya Bernadine, ndipo akauliza.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini Arden, kuna kitu nilikuwa nasubiri..."

"Unasubiri nini tena? Tulikuwa tunasubiri hicho hicho!"

"Ukinipa nafasi nitakueleza."

"Nilikupa nafasi tangu Mei. Kila siku unapita kwenye njia yangu na bakuli mkononi, unaniuliza nimelalaje." Akakaza macho kwenye kioo cha mbele. "Kama hunitaki, niambie tu. Niambie kwa mdomo au kwa mikono, zote nitaelewa."

Hilo la mikono lilikuwa kweli. Arden alijifunza lugha ya alama ili aweze kutaniana na wanafunzi wa Bernadine kwenye sherehe za shule, na labda ndiyo maana lilimchoma Bernadine zaidi. Alifungua mlango wa gari.

"Mwanamume anayeniuliza leo kama namtaka," alisema, "hastahili jibu leo." Akaubamiza mlango, akaingia ndani akichechemea.

Theluji ilianguka mpaka alfajiri. Asubuhi Arden aliamka, akavaa suruali, akafika mlango wa nyuma, akalitazama beleshi lake lilipoegemea ukutani. Akaliacha. Alijitengenezea kahawa kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya baridi yoyote tangu amfahamu mwanamke yule, akakaa mezani kama mgeni ndani ya nyumba yake. Njia na ifungike, alijiambia. Aliyekuwa na haja nayo ana miguu.

Lakini kahawa haikushuka. Ukweli ni kwamba alimpenda mwanamke yule mpaka inauma. Alipenda anavyoikemea redio. Alipenda anavyozungumza na mikono yake hata akiwa peke yake jikoni. Aliweza kuvumilia kungojeshwa na serikali, maana serikali haimjui. Kungojeshwa na Bernadine hakukuweza.

Akasikia kitu kinakwaruza nje.

Alisogea dirishani. Bernadine alikuwa uani, amevaa koti kuukuu la kaunti ambalo Arden alimwachia zamani, anachimba theluji kwa kile kijikoleo kidogo cha kuzolea majivu ya jiko. Beleshi hakuwa nalo. Mwanamke huyo hakuwahi kununua beleshi, kwa sababu hakuwahi kulihitaji. Anachota kijiko kimoja, anatupa, anasimama kulipumzisha goti, anachota kingine. Alikuwa ameshafika theluthi ya njia.

Arden alitoka na ndala.

"We mwanamke una wazimu? Goti hilo!"

"Goti ni langu."

"Utaanguka hapo nani akuokote?"

"Wewe. Umeshatoka, si ndiyo?" Alikuwa anahema, pua imekuwa nyekundu. "Simama hapo hapo na ndala zako, unisikilize. Nimeamka nalo kichwani, nikikaa nitalisahau."

Arden akasimama.

"Shule yangu ya kwanza ilisahau kuwapelekea watu wa mikopo hesabu ya miaka niliyofundisha pale," Bernadine alisema. "Mwaka jana ndipo walipoileta. Kumbe miaka kumi niliimaliza hata kabla ya kupasuliwa. Kwa hiyo hela zote ulizonilipia wakati wa goti zilikuwa za ziada, na wanazirudisha. Nimeambiwa wiki sita. Zikaisha, wakaniambia wiki sita nyingine. Mpaka leo ndiyo wimbo huo huo. Kila wiki napiga simu, nasikilizishwa muziki."

"Hela zangu za boti?"

"Hela zako za boti. Nilitaka nije kwako nazo mkononi. Nikurudishie boti yako kwanza, halafu ndipo niwe mke wako."

"Bernadine, nani amekuuliza boti? Mimi..."

"Ulisema unajinunulia mke."



"Nilikuwa nakutania," Arden alisema.

"Najua. Hata mimi nilicheka. Lakini utani ule ulibaki, Arden. Kila ukipita na beleshi, nasikia lile neno. Nimemaliza deni la serikali, sikutaka niingie ndani kwako na lako. Sitaki siku moja, hata kwa bahati mbaya, unitazame kama kitu ulichokilipia."

Ndala zilikuwa zimeshajaa theluji na hakuzihisi. Alikumbuka siku ile, alivyocheka peke yake, na jinsi Bernadine alivyochelewa kuanza kucheka. Miaka miwili mizima alidhani kicheko kile kimekwisha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Nisamehe," alisema. "Lilikuwa neno la kijinga. Nilikuwa naogopa, umelala pale na bandeji, nikaona niseme kitu cha kuchekesha. Niliiuza boti kwa sababu nilikuwa nakupenda, basi. Hata usingeolewa na mimi ningeiuza."

Bernadine alijifuta pua kwa mkono wa koti.

"Serikali ilichukua miaka kumi kunisamehe," alisema.

"Mimi sina miaka kumi."

"Basi ombi lako nitaliharakisha." Akacheka, na macho yake yamelowa. "Lakini hundi ya zile hela haijafika. Nitakuja kwako mikono mitupu."

"Njoo hivyo hivyo."

"Sijawahi kurudisha chombo kitupu."

"Wewe si chombo changu," Arden alisema, "na mimi sikukuazima. Jumatatu twende ofisi ya kaunti tukachukue kibali cha ndoa. Hundi ikija utafanya nayo unachotaka. Ukinunua boti, nitaomba lifti."

Bernadine alilitazama goti lake, akaitazama nyumba ile ya mbele yake, akakitupa kijikoleo cha majivu ndani ya theluji.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Wanafungua asubuhi."

"Basi kavae viatu, mzee. Sitaki kuolewa na mgonjwa."

Arden alirudi ndani, akavaa viatu na soksi mbili mbili, akatoka tena na beleshi. Alichimba kutoka mlangoni kwake mpaka walipokutana, kama kazi ya kila siku. Kisha hakuacha. Aligeuka nyuma, akaanza upya pembeni mwa njia ile ile, anakata theluji mpya upande wa kushoto.

"Unafanya nini tena?" Bernadine alimuuliza. "Njia si imeshapitika?"

"Inapitika na mtu mmoja tu," Arden alisema bila kuinua kichwa, akaendelea kuipanua.