Madampo Matatu, Chemchemi Moja

Miji mitatu ilijipanga kando ya reli mpya kama ndugu waliogombana halafu wakajikuta wamepanga nyumba moja: kila mmoja anasikia redio ya mwenzake na hakuna anayebisha hodi. Reli ilikuwa inatandikwa, barabara kuu inapanuliwa, na wakubwa walikuwa wameipa njia hiyo yote jina la heshima, ushoroba wa maendeleo. Mji wa juu ukachora maendeleo yake. Mji wa kati ukachora yake. Mji wa chini nao haukukubali kubaki nyuma. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa ngozi ilikuwa moja tu.

Kazi ya kuwapatanisha ilimwangukia mwanamke mmoja, mratibu wa mipango, ambaye katika ofisi zote tatu alijulikana kama Bi Rula. Walimpa jina hilo kwa kumsengenya, maana hakuwahi kupokea mstari uliochorwa kwa kukadiria. Yeye alipolisikia alilipenda, akaanza kuliitikia, na wasengenyaji wakakosa raha. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha posta ya zamani, chenye meza ndefu, feni inayozunguka ikijisikia, na dirisha kubwa la kioo lililoelekea jua la asubuhi.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Wafadhili wa mradi wa maji na wa barabara za kuingia stesheni walikuwa wamechoshwa na vuta nikuvute ya miji hii, wakasema wazi kwamba wanataka mchoro mmoja wenye saini tatu kabla ofisi hazijafungwa jioni, la sivyo watapeleka mradi kwenye njia nyingine. Treni ingepita hivyo hivyo, ila watu wa miji mitatu wangebaki kuipungia mkono. Bi Rula alikuwa amekata shauri kwamba jambo hilo halitatokea akiwa yeye ameshika kalamu.

Wa kwanza kuingia alikuwa mpangaji wa mji wa juu, kijana nadhifu aliyeanza kila sentensi kwa neno "kitaalamu", hata likawa ndilo jina lake. Akafuata mhandisi wa mji wa kati, mama wa makamo waliyemwita Mama Lami, ambaye kicheko chake kilitangulia kufika kabla yake. Wa tatu alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji wa chini, na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mwenyekiti huyo alikuwa mjomba wake Bi Rula, kaka wa mama yake tumbo moja. Baba alipofariki ni yeye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha mpaka akaijua hiyo rula yenyewe.

Bi Rula hakufungua kikao kwa hotuba. Alikuwa amewasumbua kwa muda mrefu wachore upya mipango yao kwa kipimo kimoja, kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, na Kitaalamu alikuwa amelalamika mpaka akaishiwa maneno. Sasa alizichukua karatasi hizo tatu, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, akasogea pembeni. Jua likafanya kazi iliyobaki.

Kila mji ulikuwa umechora mpaka kwenye mpaka wake na kuishia hapo. Ng'ambo ya mpaka karatasi ilikuwa nyeupe, utadhani majirani ni bahari. Na kwa kuwa hakuna anayetaka kukaa na taka, kila mji ulikuwa umelipeleka dampo lake mbali kabisa na watu wake, pembezoni, pale karatasi inapoishia. Tatizo ni kwamba pembezoni pa miji yote mitatu ni mahali pamoja. Ni bondeni. Na bondeni ndiko iliko chemchemi ambayo miji yote mitatu inakunywa.

Mama Lami alianza kucheka, akakiacha kicheko njiani. Madampo matatu yalikuwa yameizunguka chemchemi kama wageni waliozunguka sinia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alikuwa ametupa uchafu wake mbali, na kila mmoja alikuwa ameutupa ndani ya mtungi wake mwenyewe.

"Kitaalamu," alisema Kitaalamu, "sisi tulitangulia kuchora."

"Basi mtangulie kunywa," alijibu Mama Lami.

Baada ya hapo kazi ilianza kwelikweli. Bi Rula aliwakalia kooni asubuhi nzima, kwa upole wake ule ule usio na mlango wa kutokea. Yadi ya malori, ambayo kila mji ulikuwa umejichorea yake, wakakubaliana iwe moja, mji wa kati, karibu na stesheni. Maghala ya mazao yaende mji wa juu kwenye mashamba. Bomba la kwanza la maji safi literemke mji wa chini, ambao miaka yote ulikuwa ukipata makombo. Mjomba alikuwa mtu wa busara katika yote hayo. Aliitikia kwa kichwa, akazungumzia faida ya wote, hata yadi aliiachia ingawa alikuwa ameshaitangaza mkutanoni na watu wakapiga makofi.

Halafu wakafika kwenye dampo, na mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Dampo la pamoja lilihitaji udongo wa mfinyanzi unaozuia maji machafu yasizame, mahali palipo upande wa chini wa chemchemi na karibu na barabara. Mji wa juu ulikuwa miamba yenye nyufa, na kila tone lililoingia humo lilitokea bondeni. Mji wa kati ulikuwa umejaa nyumba hadi kwenye mitaro. Ardhi ya kufaa ilibaki moja, tambarare ile ya mji wa chini nyuma ya reli, mahali palepale mjomba alipowaahidi watu yadi. Bi Rula aliweka kidole hapo, akakikandamiza.

Mjomba alitazama kidole, kisha akamtazama mwenye kidole.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nimekusomesha ili uje uniletee taka?"

Maneno hayo yalimwingia. Angeweza kuvumilia kelele, lakini sauti hiyo ya chini ndiyo aliyobembelezwa nayo utotoni, na machozi yalimfika karibu. Aliyarudisha.

"Nimetafuta mahali pengine, mjomba, mpaka nimechoka. Hakuna."

"Unajua harufu itaanzia nyumba ya nani?"

"Ya mama."

Mama Lami aliinamisha kichwa. Mjomba aliiweka kalamu mezani, akasema yeye hana ugomvi na mchoro, mchoro ni mzuri, lakini hatatia saini kumletea dada yake dampo mlangoni mpaka dada yake aseme mwenyewe. Akikataa, basi na liwe litakalokuwa.

Mwingine angeanza kubembeleza. Bi Rula alibandua karatasi kwenye kioo, akazikunja, akachukua ufunguo wa gari la ofisi. Kitaalamu aliuliza kama utaratibu unaruhusu kikao kuhama na kwenda kwa mama wa mtu. Mama Lami alimwambia apande gari.

Njia nzima Bi Rula alikuwa akitafuta maneno. Alijua akimwambia mama kwa huruma atakuwa amemdanganya, na akimwambia kwa ukali atakuwa amemkosea adabu. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mama angeweza kukubali kwa ajili yake tu, kama akina mama wanavyokubali, kisha akateseka kimya miaka iliyobaki.

Walimkuta kibarazani akichambua maharage. Mama huyu alikuwa ameuza vitambaa sokoni maisha yake yote, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwake akijisifu kuwa amemshinda bei. Alipokea salamu, akamwona kaka yake amenuna na binti yake ameshika karatasi, akasukuma ungo pembeni.

Bi Rula alimweleza bila kupaka asali. Dampo la miji mitatu. Pale, ng'ambo ya reli. Magari kila siku, na harufu, hasa kipindi cha joto. Mama alitazama tambarare kwa muda, mkono umekinga macho na jua.

"Lisipokuja hapa litaenda wapi?"

"Bondeni."

"Kwenye maji?"

"Kwenye maji, mama."

Mjomba alikohoa, akaanza kusema kwamba halazimishwi mtu, na mama akamwinulia kiganja bila kumgeukia.

"Upepo wa jioni unatokea huko," alisema mama.

"Najua. Tumeweka miti, safu mbili."

"Tatu. Na ipandwe mvua hizi, kabla taka hazijafika. Miti ya baada huwa haipandwi."

Bi Rula alimtazama Mama Lami, Mama Lami akatikisa kichwa kukubali, na Kitaalamu akashika kalamu mwenyewe akaongeza safu ya tatu mchoroni, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya pasi. Mama aliuliza nani atachimba mashimo, na wakasema mradi. Aliuliza mradi utaanza lini, na wakaanza kutazamana.

Mjomba alitia saini juu ya boneti ya gari, wa mwisho, kwa mkono mzito. Jua lilikuwa bado juu. Bi Rula alimfunulia mama mchoro amwonyeshe miti itakapopita, lakini mama aliusukuma.

"Usinionyeshe kwenye karatasi. Nionyeshe chini."

Mama akatwaa jembe lililoegemea ukuta, akavuka naye reli. Bi Rula akavua viatu vya ofisi, akatembea akichora kwa kisigino mstari mnyoofu kwenye udongo mwekundu, asigeuke nyuma kwa kuogopa uso wa mama yake. Alikuwa amefika karibu na mwisho aliposikia jembe. Mama alikuwa ameshachimba shimo la kwanza, na mjomba, koti mkononi, alikuwa anamwomba ampishe achimbe la pili.