Gari la Katoyi Lisilopoa

Miaka minne Télesphore, fundi wa frigo na mashine za baridi wa mtaa wa Murara mjini Goma, alikuwa akililaani gari lile. Lilikuwa gari-nyumba la dispensari moja ya mtaa wa Katoyi, lenye vitanda viwili ndani na klimatizeri, mashine ya kupoza hewa, juu ya paa. Volkano ilipofukuza watu kuelekea Sake mwaka wa 2021, mke wake Perpétue alikata roho humo, kwa pumu na joto, klimatizeri ikiwa haipozi. Tangu siku hiyo likaegeshwa. Sasa waasi wameingia mjini, wakubwa wamekimbia kwa boti, na wauguzi wanalitaka libebe wajawazito kutoka njia ya Rutshuru.

"Papa Télesphore, leo utalisamehe?" Damien, dereva wa gari hilo tangu zamani, alimtania.

"Gari haina kosa. Kosa ni ya wale walionunua takataka, kisha wakapanda boti wakatuacha."

"Ungewaambia wakiwa bado hapa, muzee."

"Mutu mukubwa anasikia tumbo yake tu."

Akawasha klimatizeri. Feni ilivuma vizuri, lakini hewa ikatoka vuguvugu. Kompresa ikaunguruma dakika tano, ikajizima. Akapima umeme: unatosha. Akakung'uta filita ya ndani: vumbi kidogo tu. Gesi nayo ipo, maana bomba lilikuwa limeanza kuwa baridi kabla mashine haijakatika.

"Inashindwa kutoa joto yake inje," akasema, akapanda ngazi.

Alipofungua kifuniko, aliona matundu ya nyuma, pale joto la mashine linapotokea, yameshindiliwa kitambaa kilichokakamaa kwa majivu. Akakivuta. Maua ya manjano juu ya bluu, kona moja imeungua kwa makaa. Kitenge cha Perpétue.

Vidole vilikumbuka kabla ya kichwa. Asubuhi ile ya majivu ya volkano, Goma nzima ilikuwa ikiziba madirisha na matundu kwa nguo. Yeye, aliyekuwa akilitunza gari hili, alikuwa juu ya paa hili hili, na Perpétue akamrushia kitenge: "Ziba na pale, yasiingie." Siku chache baadaye ikaja amri ya kuhama, na katika vurugu akasahau kukitoa. Njiani Damien alimwomba apande atazame mashine. Yeye, fundi, alibaki chini akitukana wakubwa mpaka mkono wa mke wake ukapoa katika wake.

"Umepata?" Damien aliuliza kutoka chini, akakiona kitambaa. "Ah, ni watu ya wakubwa waliziba, eh? Nimwambie mama muuguzi vile?"

Neno la ndiyo lilikuwa limeiva mdomoni. Alilipika miaka minne. Akalimeza.

"Mwambie fundi aliziba, akasahau. Umutajie jina yangu."

"Papa…"

"Washa."

Kompresa ikaunguruma, na safari hii haikukatika. Baada ya muda Damien akatoa kichwa dirishani.

"Inapoa, muzee. Inapoa muzuri sana."

Télesphore hakushuka kuhisi ubaridi huo. Alikaa juu ya paa, kitenge magotini, akikikung'uta taratibu kufuata upepo, ili majivu yasimwingie mtu kifuani.